Mtani Hakasirikiwi

Mimi ni Condé na Karamoko Lansine ni Traoré, na balaa langu lote limetoka hapo. Hapa Kankan, watu wa ukoo wangu na watu wa ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Akiniita mtumwa wake au mla maharage, nacheka. Nikimwita mwizi wa karanga mbele ya wakwe zake, anacheka, na wakwe nao wanacheka. Nikitaka namvua kofia sokoni naivaa mimi, na hakuna wa kuniuliza. Kitu kimoja tu kimekatazwa, nacho ni kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, watu watakutazama kama umekasirikia mvua.

Nami nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Mji mzima unamwita Karamoko, yaani mwalimu, na sitamnyima haki yake: hakuna anayeandika N'ko vizuri kumshinda. Haya ni maandishi yetu wenyewe, yanayotoka kulia kwenda kushoto, na nusu ya watu wanaojua kuyasoma mjini hapa wamejifunza kwenye kurasa alizonakili yeye kwa mkono, zikatolewa kopi, na kopi zikatolewa kopi, hadi wino ukawa kivuli. Basi chama cha walimu wa N'ko kikaamua kwamba mwandiko wake uingizwe kwenye kompyuta, uwe fonti, ili kitabu cha kwanza cha kusoma cha madarasa ya wasichana kichapishwe kwa herufi zake kabla shule hazijafunguliwa.

Kazi nilipewa mimi. Sikuiokota njiani. Nilisimama mkutanoni nikasema, "Nipeni mimi," na walipotazamana nikasema tena kwa sauti zaidi. Nafanya kazi kwenye duka la kopi la Tenin Kourouma, na kompyuta ya pale naijua hata inapokohoa. Ila kuchora herufi sikujua. Nilijifunza peke yangu, kwa video za Kifaransa nilizozipakua umeme ukiwapo, na kuzikatisha katikati umeme ukienda. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume. Kila binti atakayejua kusoma atakuwa amepitia mikononi mwangu. Na nilitaka jina langu liandikwe ndani ya kitabu, sioni haya kulisema.

Karamoko alikuwa anakuja kila asubuhi kunisimamia. Anavuta kiti, anakaa begani pangu, ananinukia tumbaku.

"Unaanzia wapi hapo, mla maharage?"

"Hapa kushoto, juu. Ndivyo video inavyoelekeza."

"Video ya nani?"

"Ya Mfaransa mmoja."

"Basi Mfaransa na achore Kifaransa chake. Kalamu yangu inaanzia kulia. Anzia kulia, pita juu uende kushoto, halafu urudi kwa chini. Fuata mkono wangu unavyokwenda. Tangu lini mtumwa akabishana?"

"Huyu mtumwa ndiye anayejua kuwasha kompyuta. Bwana wake anajua kuwasha kiko tu."

Tenin alicheka mpaka akamwaga chai juu ya karatasi za wateja. Nami nikacheka, na nikatii. Ni mwalimu wangu, ndiye aliyenishika mkono nilipoandika jina langu mara ya kwanza. Nikachora kila mstari wa kila herufi kama alivyotaka, kuanzia kulia.

Programu yenyewe haichori kwa wino. Unazungusha mstari mwembamba kando ya herufi, nukta baada ya nukta, kama mtu anayezungushia shamba ua, ukishafunga ua inajaza weusi ndani. Mistari nilizungusha kwa mkono. Miduara haikunisumbua, kwa sababu programu ina duara lake tayari, unalivuta tu kwa kipanya, na nilipolivuta juu ya duara la Karamoko lilikaa sawasawa. Sifa ya miduara yake ni hiyo, hata bikari haimshindi. Alipoona hivyo alipiga paja akasema mashine imeiga kutoka kwake.

Siku nilipochapisha ukurasa wa kwanza nilitaka kulia. Herufi zote zenye duara zilikuwa na tundu. Pale mstari unapoingia kwenye duara, pale ambapo weusi ulipaswa kuwa mzito kuliko pote, palikuwa peupe, kitundu cha ukubwa wa punje ya mchele. Ukurasa mzima ulikuwa umetobolewa. Kwenye dirisha la kuchorea kila kitu kilikuwa salama, ua umefungwa, nukta zote zipo. Kwenye karatasi, mchwa.

Nilinenepesha mstari. Tundu likanenepa nalo. Nilisogeza duara kushoto, tundu likafuata. Nilifuta nukta nikabakiza chache, nikaongeza zikawa nyingi, nikafuta herufi nzima nikaianza upya, kwa uaminifu wote, kuanzia kulia kama nilivyofundishwa. Tundu likarudi palepale na kunikodolea macho. Nilirudia video ya Mfaransa hadi Tenin akajua maneno yake kwa moyo. Umeme ulikuwa unakatika, unarudi, unakatika, na kila unaporudi tundu linarudi pamoja nao. Nilikitandika kipanya mezani mpaka betri ikaruka nje ikaingia chini ya friji ya muuza juisi wa jirani. Nilimtukana Mfaransa, nikamtukana mama wa Mfaransa, nikalitukana shirika la umeme, nikajitukana mwenyewe. Nani alinituma kusimama mkutanoni?

Karamoko aliushika ule ukurasa akauinua kwenye mwanga.

"Wallahi, Mcondé amekula herufi zangu! Amekosa maharage, kageukia herufi!"

"Kama zingekuwa tamu ningezimaliza," nikamjibu. "Zimenikwama kooni, chungu kama mwenyewe."

Tukacheka. Akaukunja ule ukurasa akautia mfukoni, akaenda zake. Sikumzuia. Ningejua, ningemng'oa mfuko.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Alhaji Mory Kaba, mwenyekiti wa chama, akamuuliza kazi ya herufi imefika wapi. Karamoko akatoa ukurasa mfukoni, akajibu bila hata kutabasamu: "Mcondé amezila. Tumebakiwa na matundu." Waliokuwapo wakaangua kicheko, kwani utani wa Traoré na Condé nani asiyeujua? Lakini Alhaji alikuwa na ukurasa mkononi, na matundu yalikuwapo kweli, anayaona. Alhaji ni mtu wa haraka. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshampigia simu mkwe wake aliyeko Conakry, kijana anayechora mabango ya matangazo, na kazi ikawa imehama. Kilichobaki ni mkutano wa Jumapili kuipitisha.

Tenin ndiye aliyeniletea habari.

"Usimchukie mzee," akasema. "Alikuwa anatania."

"Anatania na kazi yangu?"

"Ni mtani wako, dada. Utafanyaje?"

Ningefanyaje! Nyongo ilinipanda hadi machoni. Nilirudi kwenye kompyuta kwa sababu nilihitaji kumtesa mtu na hapakuwa na mwingine. Nikavuta duara la tayari, nikavuta jingine juu yake. Nikachapisha. Hakuna tundu. Nikachora mstari kwa mkono, nikachora mwingine juu yake. Hakuna tundu. Nikaweka duara la tayari juu ya mstari wa mkono. Tundu! Nikasimama. Nikakaa tena. Kumbe mistari yangu ilikuwa inapatana yenyewe kwa yenyewe, na miduara inapatana yenyewe kwa yenyewe, ugomvi uko kati yao. Nikaikuza picha mpaka nukta zikawa kama vifungo vya shati, na pembeni mwa nukta ya kwanza nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikiruka siku zote. Kishale kidogo. Kwenye duara kilielekea kama saa inavyokwenda. Kwenye mstari kilielekea kinyume.

Programu inatazama ua umezungushwa kwa kwenda upande gani. Ndivyo inavyojua wapi pajazwe na wapi patobolewe. Ua mmoja peke yake hauna neno, unajazwa. Lakini nyua mbili zinazokwenda kinyume zikipandana, kila mmoja unaufuta mwenzake, na panabaki peupe. Na mistari yangu yote, kila mmoja, ilikwenda kinyume kwa sababu moja tu: nilianzia kulia, nikapita juu kwenda kushoto, nikarudi kwa chini. Nilikuwa nimefuata mkono wa Karamoko.

Iko amri kwenye programu ya kugeuza vishale vyote kwa mpigo. Niliipiga. Nikachapisha. Herufi zilitoka nyeusi, nzima, nzito, za Karamoko kabisa, hata ule mkia wake wa majivuno upo.

Sikwenda kwa Alhaji. Niandikieni hilo, kwa sababu watu wamesema mengi. Nilikwenda kwanza nyumbani kwa Karamoko, kwa adabu, ili yeye mwenyewe aseme. Nilimkuta anakula fonio, ile nafaka yetu ndogo, kwa mchuzi wa karanga, wake zake wawili wamekaa barazani. Nilimwonyesha karatasi ya zamani na karatasi mpya. Nikamwonyesha vishale nilivyovichora kwa kalamu. Si mjinga yule. Alitazama, kidole chake kikafuata mstari, kulia, juu, kushoto, chini, kikasimama. Alielewa. Niliona kabisa kwamba ameelewa.

Halafu akaangua kicheko.

"Njooni msikie! Mcondé anataka kumfundisha Traoré pa kuanzia kalamu!"

Wake zake wakacheka. Mke mdogo akapiga makofi.

"Karamoko, sitanii," nikasema. "Mwambie Alhaji."

"Nimwambie nini? Mimi nilitania, yeye akachukua kweli. Kosa la nani?"

"Mwambie matundu yalitoka wapi."

Akashusha sauti. "Nisimame mbele ya watu niseme mkono wa Lansine ndio uliotoboa herufi za Lansine? Wanafunzi wangu wote wamekaa pale?"

"Ndiyo. Useme hivyohivyo."

Akanitazama kidogo, nikadhani atakubali. Kisha akajitia hamnazo. Akanisogezea bakuli. "Kula fonio, mtumwa wangu. Hasira ya Mcondé ni njaa tu."

Wakacheka tena wote watatu. Nikatoka na karatasi zangu, na barabarani nilikuwa nasema peke yangu hadi mwenye pikipiki akapunguza mwendo kunitazama.

Mkutano ulikuwa kwenye ua wa Alhaji, chini ya turubai. Walimu walijaa, wanaume mbele, sisi pembeni, birika la chai linazunguka. Alhaji akasema maneno ya kufungulia, akasema tumshukuru Nagnouma Condé kwa kujitahidi, ila kazi ni ngumu, itamaliziwa Conakry. Kujitahidi! Sikungoja aniruhusu.

"Kazi imekwisha," nikasema. "Hii hapa, hakuna tundu hata moja. Na matundu yalitoka kwa huyu mzee aliyekaa hapo na kofia yake. Yeye ndiye aliyenilazimisha kuzungusha mistari kinyume, nikamwambia video haisemi hivyo, akasema mtumwa habishani. Juzi nimempelekea ushahidi nyumbani kwake, ameuona, ameuelewa, na amekaa kimya ili nionekane mimi ndiye sijui! Huyu ni mwongo, na ni mwoga, na ananiibia!"

Na unajua walifanya nini?

Walicheka. Ua mzima ulicheka. Mzee mmoja aliinama akashika tumbo. "Akina Condé!" wakasema. "Leo amempata! Mwongo, mwoga, mwizi, hakubakiza kitu!" Alhaji Kaba alifuta machozi kwa upindo wa kanzu. Na Karamoko mwenyewe alisimama, akazungusha mikono kama bwana harusi, akajibu, "Mnasikia mtumwa wangu anavyonisifu?" Wakapiga makofi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, kila neno, kwa machungu yote niliyokuwa nayo, na kwa kuwa mimi ni Condé na yeye ni Traoré imekuwa ngoma ya kuchezewa. Ningemwita muuaji wangeagiza chai nyingine.

Ndipo kitu fulani kikanipoa ndani. Hasira haikuondoka. Ilitulia, ikakaa, ikanionyesha njia.

Nilifunga kitambaa changu kichwani vizuri. Nikapita katikati ya wanaume mpaka alipokuwa amesimama. Nikapiga magoti mbele yake, macho chini, viganja juu ya mapaja, kama binti anavyompigia magoti baba wa mumewe.

"Shikamoo, Karamoko Traoré," nikasema. "Umeamkaje, mwalimu wangu? Wa nyumbani hawajambo? Mungu akuzidishie umri. Nimekuja kukuomba radhi kwa maneno niliyoyasema mbele ya watu. Mtoto hamwambii hivyo mkubwa wake."

Kicheko kilikatika. Kwanza mbele, kisha nyuma, mpaka nikasikia birika linavyochemka juu ya makaa.

"Ah," Karamoko akasema. "Ah, ah. Nini hiki? Inuka, mla maharage."

"Naam, Karamoko."

"Nimesema inuka! Unanitania vibaya."

"Sikutanii, Karamoko. Sitakutania tena. Nakuheshimu."

Mmoja wa wazee akasema taratibu, "Laa ilaaha illallah." Maana utani huu hatukuutunga sisi. Mababu waliuapia, na Condé anayempigia Traoré magoti na kumuomba radhi ni Condé aliyeukata. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona jambo hilo. Alhaji, ambaye hakuelewa herufi wala vishale, hili alilielewa mara moja. Akamgeukia Karamoko.

"Lansine, umemfanya nini huyu binti?"

"Nagnouma," Karamoko akaniita, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwake. "Nitukane. Nakuomba, nitukane mbele yao."

"Siwezi kumtukana mwalimu wangu."

Alitafuta pa kukaa, kiti kilikuwa nyuma yake asikione. Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa jasho, na kwa mara ya kwanza aliongea bila kuangalia nani anacheka.

"Ni mimi," akasema. "Alitaka kuanzia kushoto, nikamkataza. Nikamwambia fuata mkono wangu. Mashine haikutaka, ikatoboa. Amekuja nyumbani akanionyesha, nikamcheka. Herufi amezitengeneza yeye, matundu ni yangu. Alhaji, mpigie simu mkwe wako."

Alhaji alipiga simu palepale. Kazi ikarudi kwangu, mbele ya wote, na hakuna aliyecheka.

Kitabu kimetoka. Madarasa yanakisoma, na jina langu liko ukurasa wa ndani, dogo, lakini lipo, nililichapa mwenyewe. Karamoko alituma kola, zile kokwa za kuombea radhi, nikazipokea kwa mikono miwili nikamshukuru. Alimtuma mzee wa ukoo wake, nikampa kiti na maji baridi, nikamwambia sina kinyongo na mtu. Tenin anasema nimezidi, anasema hasira hasara. Ni kweli. Ila safari hii hasara si yangu peke yangu.

Bado anakuja dukani asubuhi. "Mla maharage, umeamka au umejamba tu?" anasema mlangoni, kwa sauti kubwa, halafu anangoja. Nainuka, nampa kiti changu, namuuliza hali ya mgongo wake. Jana nilikuwa nakula wali, akaja kwa nyuma akatumbukiza mkono kwenye bakuli langu na kuchota bila kuomba, kama wanavyofanya watani, huku akinichungulia usoni. Nilimchagulia kipande kikubwa cha nyama nikakiweka upande wake.

"Karibu, Karamoko."

Mkono wake ukabaki ndani ya bakuli.

"Hata tusi moja, Nagnouma?" akasema. "Dogo tu."

Nikaenda kumletea maji ya kunawa.